Samaki Hasomi Bei: Chambo Kimo Jikoni Mwetu



Limezuka katika jumuiya zetu za hapa Uingereza jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Vijana wetu, pamoja na baadhi ya wazee wenzetu waliokwisha kupumzika kubeba maboksi, wameanza kupenda uvuvi wa karpi, yule samaki mnene wa maji baridi mwenye magamba makubwa na sharubu nne mdomoni, anayekaa katika maziwa madogo na mifereji ya nchi hii. Hilo ni jema. Lisilo jema ni pale wanapoanzia: wanaanzia dukani. Kabla mtu hajatia ndoana majini, keshalipa mamia ya pauni. Amenunua fito tatu, ving'ora vitatu vyenye taa za rangi, hema, kitanda cha kukunja, na mfuko wa vidonge vya chambo ambavyo kilo moja tu inapita pauni 10. Akitoka hapo mfukoni mna upepo, na kichwani hamna elimu yoyote juu ya samaki mwenyewe. Mwezi wa pili vyombo viko juu ya kabati vinakula vumbi, naye anatuambia kwamba uvuvi wa hapa ni wa matajiri.

Sisi tunaoandika haya ni wavuvi wa Jumamosi, watu wazima tuliopita miaka hamsini. Uhandisi tuliusomea katika vyuo vya nchi za watu, na tumekula kwa kazi hiyo maisha yetu yote. Tunasema waziwazi: huo ni uongo, na ni uongo wenye faida kwa muuzaji. Karpi hasomi bei iliyobandikwa kwenye mfuko. Anayetaka kumvua anahitaji kujua jinsi samaki huyu anavyokula, kisha aingie jikoni kwake na atumie mikono yake. Pesa ni jambo la mwisho.

Hebu kwanza tuondoe ile kauli ya "haya si mambo yetu." Karpi mwenyewe ni mgeni katika kisiwa hiki. Asili yake ni upande wa mashariki, na Wazungu walimjua kutoka Mto Danube kabla hawajamsambaza katika mabwawa yao. Kitabu cha uvuvi wa ndoana kilichopigwa chapa Uingereza mwaka 1496 kinamtaja karpi, na kinasema walikuwa wachache mno nchini. Leo yumo kila mahali, na hakuna anayemwuliza karatasi zake. Kama yeye amekuwa mwenyeji, sisi tunaogopa nini kukaa ukingoni?

Tena sisi hatuendi pale mikono mitupu. Ndoana, mshipi, chambo, chubwi, chelezo, kimia: maneno yote haya tumeyakuta kwa wazee wetu kutoka Lamu mpaka Kilwa, na watu wa Ziwa Nyanza na Ziwa Tanganyika wana hazina yao vilevile. Mvuvi wa kwetu hakwenda dukani kuuliza chubwi la aina gani linafaa. Aliokota jiwe, akalifunga, akalijaribu. Ni ajabu kwamba wajukuu wake, wenye digrii, wanashindwa kufunga jiwe.

Sasa tumtazame samaki, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Karpi hana meno mdomoni. Meno yake yako kooni, na kwa hayo husaga konokono na mbegu ngumu. Hana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu, bali utumbo mrefu tu, kwa hiyo hula kidogo kidogo, mara nyingi. Huinama chini kwenye tope, huvuta maji pamoja na kila kilichomo, huchagua kwa kuonja, kisha hutema asichokitaka. Macho yake si kitu kwenye maji ya tope. Anategemea pua, ulimi na zile sharubu. Maji yakipoa sana, mwili wake hupoa nayo, na hamu ya chakula hupungua. Ndiyo maana mtu anayemwaga kilo mbili za chambo mwezi wa Januari anajaza ziwa takataka.

Mwenye kuyajua haya manne, yaani anavyovuta na kutema, anavyoonja, anavyosaga, na anavyotii joto la maji, amekwisha kuipata nusu ya kazi. Hakuna duka linaloyauza. Saa moja ya kutembea kando ya ziwa na kutazama mapovu yanapopanda, tope linapotibuka na matete yanapotikisika ina faida kuliko king'ora cha pauni 100. Na mara nyingi samaki yuko hatua chache tu kutoka ukingoni, chini ya matawi, wakati yule mwenye ufito wa bei anatupa mshipi katikati ya ziwa mahali pasipo na kitu.

Kama mnadhani tunajifariji kwa umaskini, tazameni historia ya wenyeji wenyewe. Tarehe 13 Septemba 1952, katika bwawa dogo la Redmire huko Herefordshire, Richard Walker alimvua karpi wa ratili 44, karibu kilo 20. Walimpeleka akiwa hai katika bustani ya wanyama ya London, na rekodi yake ikasimama kwa karibu miaka 28. Walker alikuwa nani? Alikuwa mtu aliyesomea uhandisi Cambridge. Fito zinazofaa kwa samaki wazito hazikuwako, akazibuni na kuziunda mwenyewe kwa mianzi iliyopasuliwa na kuunganishwa kwa gundi. Hakuwa na kitu cha kumwamsha usiku samaki anapouma, akabuni king'ora cha umeme. Vitu vingi vinavyouzwa leo kwa bei ya kutisha vilianzia kwenye meza za watu wa namna hiyo, waliokosa kitu wakakaa chini wakakiunda. Usione vyaelea, vimeundwa.

Rekodi ile ilivunjwa mwezi wa Juni 1980, katika bwawa lile lile, na Chris Yates, kwa samaki wa zaidi ya ratili 51. Na chambo kilikuwa nini? Punje za mahindi matamu. Karpi mkubwa kuliko wote waliowahi kuvuliwa nchini mpaka siku ile alidanganywa kwa mahindi! Huko Afrika Kusini nako, wavuvi wa karpi miaka yote wametumia pap, yaani ugali wao. Basi mtu wa Morogoro au wa Kitale anapolipia kidonge cha kiwandani huku gunia la sembe limo kabatini, tumwambie nini?

Tusilaumu bila kuelekeza. Mwanzo mwepesi kabisa ni mahindi makavu. Yaloweke saa 24, kisha yachemshe nusu saa au zaidi mpaka yapasuke. Dengu vilevile: loweka usiku kucha, chemsha ziive lakini zisibonyee, maana lazima zikae kwenye ndoana. Usitupe majini nafaka wala kunde zisizolowekwa na kupikwa, kwa sababu zitafuria ndani ya samaki na kumdhuru. Karanga ziacheni. Maziwa mengi yamezipiga marufuku, na sababu yake sisi tunaijua kuliko wengine: karanga mbovu huota sumukuvu. Sumu hiyo hiyo, kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Kwa hiyo kanuni yetu ni moja: usilolipikia watoto wako, usimpe samaki.

Ugali nao ni chambo cha kutosha. Usonge uwe mgumu kupita ule wa kula, utie unga wa ngano kidogo ushikamane, uache upoe, kisha uukande mpaka uwe laini kama udongo wa mfinyanzi. Donge la ukubwa wa gololi linatosha. Ila ugali una udhaifu wake: samaki wadogo huudokoa mpaka ukaisha bila wewe kujua. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1970, wavuvi wa hapa walianza kukanda chambo kwa mayai na kukichemsha. Yai likiiva hufanya ganda gumu nje ya kidonge, wadogo wakashindwa, na karpi mwenye meno kooni akala. Hiyo ndiyo siri yote ya vile vidonge vya dukani.

Vya kwetu tunavitengeneza hivi. Gramu 200 za semolina, 150 za unga wa soya, 50 za sembe, na 100 za dagaa wakavu waliosagwa mpaka wakawa unga. Naam, dagaa wale wale wa Mwanza mnaowanunua kwenye maduka yetu. Viwanda navyo hutia unga wa samaki. Piga mayai matano au sita, tia kijiko cha iliki au mdalasini na chumvi kidogo, kisha changanya unga polepole mpaka donge lisishike mkononi. Viringisha vidonge vya ukubwa wa gololi, uvitie katika maji yanayochemka kwa dakika moja hadi mbili, usizidishe. Vianike juu ya taulo usiku kucha, na vinavyobaki vitie kwenye friza. Fungueni madirisha, maana dagaa hawana siri, na mwombeni radhi mapema mwenye jiko lake. Ukiwa ziwani tupa konzi moja au mbili tu mahali utakapovulia. Unamkaribisha mgeni, humshibishi.

Baada ya chambo, vyombo. Hapa tunataka tueleweke vizuri, kwa sababu wapo wanaosikia "tengeneza mwenyewe" wakadhani tunasema "tumia chochote." Mhandisi hapunguzi gharama kwenye kamba inayobeba uhai. Mshipi nunua mpya, wa nailoni, wenye nguvu ya kilo tano na nusu au sita. Ndoana nunua nzuri, namba 8 au 10, isiyo na kijino cha ndani pale ziwa linapotaka hivyo. Kimia nunua kikubwa. Ufito na rili waweza kuvipata vilivyotumika kwa bei ndogo, ila hakikisha breki ya rili inafanya kazi. Mengine yaliyobaki ni kazi ya mikono.

Kazi kubwa kuliko zote ni kufunga chambo nje ya ndoana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Waingereza wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, walichunguza karpi wakila, wakaona kwamba samaki huhisi uzito na ugumu wa ndoana iliyochomwa ndani ya chambo, akakitema. Wakakining'iniza chambo kwa unywele, unywele wa mtu hasa, pembeni mwa ndoana iliyo tupu. Samaki anavuta chambo, ndoana inafuata nyuma. Anapotema, ncha inashika mdomo. Uvumbuzi ule uliubadilisha uvuvi huu wote, na gharama yake ilikuwa unywele mmoja!

Leo tunatumia uzi mwembamba wa kusuka badala ya unywele. Kata sentimita 25 za uzi. Piga kitanzi kidogo mwisho mmoja, pitisha kidonge kwa sindano, na kizuie kisitoke kwa kipande cha jani gumu la nyasi. Ule mwisho mwingine upitishe katika tundu la ndoana kutoka upande wa mgongo, zungusha mara saba au nane kuteremka shina la ndoana ukiufunika uzi wa chambo, kisha urudishe katika tundu kwa upande ule ule. Kila fundo la nailoni lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu msuguano mkavu huzaa joto, na joto hula nguvu ya nailoni. Mtoto wa miaka kumi hujifunza haya kwa jioni moja.

Chubwi msiyeyushe risasi jikoni. Moshi wake ni sumu kwa watoto, na tangu mwaka 1987 sheria ya hapa imepiga marufuku machubwi mengi ya risasi yenye uzito wa chini ya gramu 28, kwa sababu mabata maji yalikuwa yakiyameza na kufa. Tumieni jiwe la mto, au nati za chuma zilizofungwa pamoja. Lifungeni chubwi kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Huo ndio fyuzi wenu: jiwe likinasa, fyuzi unakatika na samaki anakwenda zake huru. Kumwacha samaki aburute jiwe mpaka afe ni ukatili, na ni uhandisi mbovu.

Kiashirio cha kuuma kinatosha kuwa kizibo cha chupa kilichotundikwa juu ya mshipi. Kikipanda au kikishuka, shika ufito, na rili iwe umeilegeza kabla. Egemeo la ufito ni tawi lenye panda. Godoro la kumlazia samaki ni sponji ya kiti kilichotupwa, iliyozungushiwa plastiki laini na kumwagiwa maji. Hivi vyote tumevifanya kwa jioni chache, na samaki hawakutuuliza risiti.

Sasa tugeukie wale wenzetu wa upande wa pili, wanaotucheka. "Mnamvua samaki wa kilo nane, mnampiga picha, mnamrudisha majini? Si wazimu huo? Mchuzi wa nazi uko wapi?" Tunawajibu bila kuficha. Kule Ziwa Naivasha, karpi aliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kufikia mwaka 2010 ndiye aliyekuwa akivuliwa kwa wingi kuliko wengine. Huko watu humla, na ni haki yao. Hapa hali ni nyingine. Karpi anaweza kuishi zaidi ya miaka arobaini, ziwa lina mwenyewe aliyemnunua na kumlea, na wewe umelipia kuvua tu, hukulipia kuchukua. Anayemfunga samaki wa watu kwenye mfuko wa plastiki usiku ameiba, hata kama ana njaa ya mchuzi wa kwao. Na akikamatwa, haandikwi jina lake peke yake, tunaandikwa sote. Samaki wa mchuzi wapo sokoni.

Wengine wanakataa kwa sababu ya huruma, kwamba haifai kumtia kiumbe maumivu kwa ajili ya burudani. Hoja hii ina uzito na tunamheshimu anayeishika. Kwetu sisi imetuwekea masharti: mikono iliyolowa, godoro laini, samaki asikae nje ya maji kupita muda wa kumtoa ndoana, na asirushwe, bali ashikiliwe majini mpaka aondoke mwenyewe.

Na sheria zijulikane, maana kutojua hakukubaliwi mahakamani. England na Wales, mtu wa miaka 13 na zaidi lazima awe na leseni ya Environment Agency, inayopatikana kwenye intaneti. Kwa wa miaka 13 hadi 16 ni ya bure, lakini lazima aichukue. Faini ya kukosa leseni yaweza kufika pauni 2,500. Leseni peke yake haitoshi, lazima pia uwe na ruhusa ya mwenye maji au tiketi ya siku. Mitoni hakuvuliwi samaki hawa kuanzia Machi 15 mpaka Juni 15, ingawa maziwa na mifereji mingi huwa wazi. Na usiuache ufito majini ukaenda zako kutafuta chai. Mfereji wa Grand Union unatoka London mpaka Birmingham, na tawi lake linafika Leicester; wangapi kati yetu tunaupita kila siku kwa basi bila kujua kwamba karpi wamo?

Tumalizie na lile linalotuuma. Watoto wetu hapa wanakua wakijua kwamba kila kitu kimetengenezwa na mtu mwingine, mahali pengine, na kazi yao ni kulipa. Baba anatoka zamu ya usiku, anamnunulia mtoto simu, na wote wawili wanakaa sebule moja bila neno. Kiswahili kinakufa hapo hapo, kwenye kochi, kwa sababu hakina kazi ya kufanya. Mpeni kazi. Mtoto anayekanda dagaa na semolina pamoja na babu yake atajifunza "kanda," "viringisha," "anika," "funga," "legeza," bila darasa. Akikaa saa sita ukingoni asubiri kizibo kipande, atauliza babu alivua wapi alipokuwa mdogo, na babu atakuwa na muda wa kujibu. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na hawakumaanisha samaki tu.

Basi anayetaka kuanza asituulize tena duka gani ni zuri. Aloweke mahindi usiku huu, akate leseni kesho, na Jumamosi amchukue mwanawe wakatazame maji. Mwenye duka atatusamehe.

Wasalaam.